Damu ya Perege na Sumu ya Shambani

Watu wengi hupima usalama wa mto kwa macho: maadamu samaki hawaelei matumbo juu, maji ni mazuri. Kipimo hicho huchelewa mno. Viuatilifu vikiingia mtoni kutoka mashambani, damu ya samaki huathirika mapema, yeye mwenyewe akiwa bado anaogelea.

Mchukue perege, umchome sindano nyembamba chini ya uti wa mgongo, karibu na mkia, uvute damu kidogo. Tandaza tone moja kwenye kioo, ulitie rangi, ulitazame kwa hadubini. Chembe nyekundu za samaki zina umbo la yai na, tofauti na zetu, kila moja ina kiini. Kwa samaki aliyeathiriwa utaona chembe zenye kiini kingine kidogo sana kando ya kile kikubwa. Hicho ni kipande cha kromosomu kilichoachwa nyuma chembe ilipogawanyika.

Damu iliyobaki huzungushwa kwa kasi ndani ya mrija ili chembe zijitenge na majimaji. Kwa perege mzima, chembe huchukua kati ya robo na theluthi ya damu yote. Akiishi na viuatilifu kama klopairifosi au saipamethrini kwa wiki kadhaa, mara nyingi kiwango hicho hushuka pamoja na hemoglobini: chembe hupasuka, na sehemu ya mbele ya figo, ambako samaki hutengenezea damu, hudhurika. Siku za mwanzo mambo huweza kwenda kinyume. Bandama hujikamua na kumwaga chembe za akiba, kipimo kikapanda, na mpimaji asiye makini akadhani samaki ana afya tele.

Njaa na vimelea navyo hupunguza damu, na uhaba wa oksijeni huweza kubadilisha kipimo, hivyo kipimo peke yake hakithibitishi sumu. Bwawa la Nyumba ya Mungu, kwa mfano, hupokea maji ya mito ya Kikuletwa na Ruvu, inayopita maeneo ya kilimo cha umwagiliaji. Samaki wa huko ni lazima walinganishwe na wa sehemu za mto zilizo juu ya mashamba, msimu uleule, ndipo kiuatilifu kilaumiwe kwa haki.

Saipamethrini huua samaki wengi hata ikiwa chini ya mikrogramu 10 katika lita moja ya maji. Kwa hiyo, ndugu mkulima, usisuuze bomba la dawa mferejini. Maji ya kusuuzia yanyunyizie shambani humo humo, na usipige dawa mvua ikiwa imekaribia.