Funika kombe kwa mwandishi, lifunue kwa daktari

Januari 2022 mambo yalikuwa mabaya kwa Edmonton Oilers, timu ya Canada ya mpira wa magongo wa barafuni. Tangu mwanzoni mwa Desemba ilikuwa imeshinda mechi chache sana. Nyota wake, Mjerumani Leon Draisaitl, aliyechaguliwa mchezaji bora wa ligi mwaka 2020, akakutana na waandishi wa habari.

Mwandishi mkongwe, Jim Matheson, alimuuliza sababu kubwa ya kufungwa kwao ni ipi. Draisaitl akasema wanatakiwa kuwa bora zaidi katika kila kitu. Akaombwa afafanue. Akakataa, na kumwambia mwandishi afafanue mwenyewe kwa kuwa yeye anajua kila kitu. Mwandishi akamuuliza kwa nini ana kisirani. Akajibu kuwa hana, anajibu tu swali aliloulizwa. Wakavutana kidogo. Mchezaji hakupaza sauti wala hakutukana, lakini video ile ilisambaa haraka, na mashabiki wakagawanyika juu ya nani alimkosea mwenzake.

Mpenzi msomaji, huenda mchezo huu hujawahi kuutazama. Hapa Afrika Mashariki wengi waliuona kwa mara ya kwanza kwenye uwanja mdogo wa barafu katika hoteli ya Panari, Nairobi, ambako ilianzia timu ya Kenya Ice Lions. Ligi kubwa ya mchezo huo, NHL ya Marekani na Canada, ina timu 32, na kila timu hucheza mechi nyingi kabla ya hatua ya mtoano. Baada ya mechi, waandishi hukutana na wachezaji, mara nyingi kwenye chumba cha kubadilishia nguo, jasho likiwa halijakauka.

Safu hii ni ya afya, si ya michezo. Lakini swali la shari ni jambo la kiafya pia, na wewe unaulizwa maswali hayo pengine kuliko Draisaitl. Mama anaulizwa mbele ya foleni nzima ya kliniki kwa nini mtoto wake hanenepi. Binti anaulizwa harusini atazaa lini. Mwenye kisukari anaulizwa msibani kwa nini amekonda. Wachezaji hawa hufunzwa namna ya kujibu maswali ya aina hiyo. Tunaweza kujifunza kwao mambo mawili: namna ya kujikinga, na mahali ambapo kinga hiyo inapaswa kuvuliwa.

Swali linapoingia mwilini

Ubongo hautofautishi vizuri kati ya mbwa anayekubwekea na mtu anayekuaibisha mbele za watu. Vyote huuchukulia kuwa ni hatari. Sehemu ndogo ya ubongo inayoshughulika na hofu hupiga kengele, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini, moyo huenda mbio, pumzi hufupika, misuli hukaza na mdomo hukauka. Wakati huohuo, sehemu ya mbele ya ubongo, inayotusaidia kupima maneno kabla ya kuyatoa, hupungukiwa na nguvu. Ndiyo maana jibu zuri hutujia tukiwa tumeshafika nyumbani.

Mchezaji wa barafuni yuko pabaya zaidi. Huingia uwanjani kwa zamu za takriban sekunde 45, kila zamu akikimbia karibu na ukomo wa uwezo wa moyo wake. Mechi inapokwisha, adrenalini bado imo mwilini. Ukimuuliza dakika hiyo kwa nini ameharibu, unaongea na mtu ambaye mwili wake bado unapigana.

Wanavyojikinga

Ukitazama mahojiano yao mengi, utaona mbinu zilezile zikirudi.

Ya kwanza ni kununua muda. Mchezaji huvua vifaa taratibu, hunywa maji, hujifuta kwa taulo, na swali likija huvuta pumzi kabla ya kujibu. Sekunde hizo tatu nne si maringo. Pumzi ndefu, hasa unapoitoa polepole kuliko ulivyoivuta, huamsha mishipa ya fahamu inayoutuliza moyo. Unaweza kujaribu sasa hivi: vuta kwa kuhesabu nne, toa kwa kuhesabu sita, rudia mara tano.

Ya pili ni jibu fupi, la kweli, lisilomtaja mtu. Wachezaji husema “sisi” hata pale kosa linapojulikana ni la nani. Hawamtupii lawama kipa wao aliyefungwa bao la kizembe. Jibu la namna hiyo halina ladha kwa msomaji wa gazeti, lakini kesho yake timu bado ni moja.

Ya tatu ni kuwa na mtu wa pembeni. Ofisa habari wa timu husimama karibu, na ndiye husema “swali la mwisho”. Mchezaji haachwi akimaliza mazungumzo peke yake.

Ya nne inanivutia zaidi kama daktari. Mchezaji akiumia, timu za NHL kwa kawaida hazitangazi ugonjwa wake. Husema tu ameumia “sehemu ya juu ya mwili” au “sehemu ya chini ya mwili”. Basi. Goti, nyonga na kifundo cha mguu vyote viko chini. Bega, mbavu na kichwa vyote viko juu. Sababu kubwa ni ya kimchezo, maana mpinzani akijua wapi panauma atapapiga hapohapo. Lakini ndani yake mna haki ambayo kila mgonjwa anayo: si kila anayeuliza anastahili kujibiwa kwa kirefu. Wahenga walisema funika kombe mwanaharamu apite.

Tuwatendee haki waandishi pia. Wanauliza kwa niaba ya mashabiki waliolipa viingilio, na swali gumu si lazima liwe la chuki. Hata hivyo, mwandishi anatafuta habari ya kesho asubuhi. Hakukabidhiwa mwili wa mchezaji kuutunza.

Kinga ikigeuka ukuta

Hatari inaanza mtu anapozoea kufunika kombe hata mbele ya wanaopaswa kuona kilichomo.

Januari 1, 2011 Sidney Crosby wa Pittsburgh Penguins, wakati huo akihesabiwa kuwa mchezaji bora duniani, aligongwa kichwani katika mechi. Siku nne baadaye akacheza tena na kugongwa mara ya pili. Ikabainika ana mtikisiko wa ubongo. Hakurudi uwanjani hadi Novemba 21 mwaka huo, na baada ya mechi nane dalili zikamrudia, akakaa nje hadi Machi 2012. Katikati ya safari hiyo, Septemba 2011, aliketi mbele ya waandishi pamoja na madaktari wake. Maswali yalifika hadi kustaafu. Alisema uwezekano wa kutorudi ni mdogo, na hakutoa tarehe ya kurudi. Waandishi waliondoka bila tarehe. Madaktari waliokaa kando yake walihitaji kingine kabisa: kichwa kinauma lini, mwanga unamsumbua kiasi gani, anapata kizunguzungu akifanya nini. Hayo hayana kipimo cha damu. Yanajulikana mgonjwa akiyasema.

Tazama na makipa wawili. Carey Price wa Montreal Canadiens alisifiwa kwa utulivu wake, katika mji ambao waandishi wa Kifaransa na wa Kiingereza hawampi kipa nafasi ya kupumua. Mwaka 2021 aliifikisha timu yake fainali ya kombe la Stanley. Miezi michache baadaye, Oktoba, alijiunga na mpango wa siri wa kuwasaidia wachezaji, ulioanzishwa mwaka 1996 na ligi pamoja na chama cha wachezaji. Novemba akaeleza mwenyewe kuwa alikwenda kutibiwa tatizo la matumizi ya vilevi. Robin Lehner naye alipatwa na shambulio la hofu katikati ya mechi mwaka 2018 akiwa Buffalo Sabres. Alikwenda kutibiwa, akagundulika ana ugonjwa wa baipola pamoja na uraibu wa pombe na vidonge. Septemba mwaka huo akaandika habari zake hadharani. Msimu uliofuata, akiwa New York Islanders, alipata tuzo ya Masterton, inayotolewa kwa uvumilivu na kujitoa katika mchezo. Price aliipata mwaka 2022.

Watu hawa walihojiwa mara nyingi sana, na maswali magumu hayakukosekana. Si maswali hayo yaliyowafikisha kwenye tiba. Walifika kwa kusema, mahali pa siri, mbele ya mtu aliyekaa kuwasikiliza ili awatibu. Kuwaeleza watu wote kulikuja baadaye, kwa maneno yao na kwa wakati walioutaka wao.

Kwako mgonjwa

Mtu asiyehusika akikuuliza kuhusu ugonjwa wako, una ruhusa ya kutumia jibu la barafuni. “Naendelea na matibabu, nashukuru.” Si uongo, si ukali, na limekwisha. Akikazana, rudia maneno yaleyale kwa sauti ileile. Kama unajua utakwenda penye maswali, mwombe dada au rafiki awe ofisa habari wako, akuchukue mkono mazungumzo yakizidi.

Ukiingia kwa daktari, livue jibu hilo mlangoni. Daktari akiuliza kama unameza dawa zako, “naendelea vizuri” ni jibu la waandishi. Sema umeruka siku ngapi na kwa nini, iwe ni hela, ni madhara ya dawa, au ni kumficha mwenza. Sema kiasi cha pombe unachokunywa. Taja dawa za kienyeji unazotumia. Dozi hupangwa kwa kufuata majibu yako, na jibu la kupendeza linaweza kukupatia dozi isiyokufaa. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Kuna watoa huduma wanaouliza kama wanamkamata mwizi: “Ulikuwa wapi siku zote hizi?” Ukikutana naye, usimwadhibu kwa kunyamaza, maana utakayeumia ni wewe. Vuta pumzi, kisha mwambie, “Nimechelewa, ni kweli. Naomba nikueleze yote ili unisaidie.” Kama kuna watu wanaosikiliza, omba mzungumze faragha. Hiyo ni haki yako.

Kwako mzazi

Nyumbani, mara nyingi mwandishi mkali ni mzazi. Mtoto anarudi na matokeo mabaya au amefungwa kwenye mechi ya shule. Hata hajavua viatu, anaulizwa mbele ya wenzake: “Kwa nini?” Mwili wake unapiga kengele ileile niliyoieleza, na ubongo wake bado unakomaa. Atakupa jibu la Draisaitl: fupi, kavu, mlango umefungwa. Utamwita jeuri, kumbe anajikinga.

Mpe muda wa kuoga na kula. Mkae wawili, ikiwezekana mkiwa mnafanya kazi ya mikono, kuchambua mchele au kufua. Badala ya “kwa nini umefeli?” uliza “wapi palikuwa pagumu?” Akinyamaza, vumilia ukimya, usiujaze kwa swali jingine.

Uwe mwangalifu na mtoto ambaye jibu lake siku zote ni “niko poa”. Usisikilize maneno peke yake. Kama kwa wiki mbili au zaidi amejitenga, amepoteza hamu ya vitu alivyovipenda, hali au halali kama zamani, ana hasira zisizo na chanzo au maendeleo yake shuleni yameporomoka, mpeleke kituo cha afya. Akitamka kuwa ni bora asingekuwepo, usimhoji wala usimkemee. Usimwache peke yake, ondoa dawa na sumu karibu naye, na mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Tanzania na Kenya pia zina namba ya simu ya msaada kwa mtoto, 116.

Na mtoto akigonga kichwa, iwe kwenye mpira, kwenye mti au kwenye bodaboda, usitosheke na “siumwi”. Watoto huficha ili waruhusiwe kucheza. Mtoe mchezoni siku hiyo, na asirudi kabla hajachunguzwa na mtaalamu na dalili zote kuisha. Akitapika mara kwa mara, akipata degedege, akizidi kusinzia, akichanganyikiwa, akilalamika kichwa kinachozidi kuuma, akilegea upande mmoja, au mboni za macho zikitofautiana ukubwa, hiyo ni dharura. Mkimbizeni hospitali.

Jioni ya leo, chagua mtu mmoja nyumbani ambaye majibu yake yamekuwa mafupi siku hizi. Kaa naye. Usiwe na swali la pili mkononi. Na kama mwenye majibu mafupi ni wewe, chagua mtu mmoja utakayemfunulia kombe, kisha njoo nalo kwetu kliniki.