Maradhi ya Mwasmini: Kuyatambua, Kuyatibu na Kuyazuia



Leo nataka kusema nanyi habari za mwasmini, mti ule mdogo ambao maua yake meupe hutungwa makoja, hutiwa katika vikuba pamoja na mrehani, na kutandazwa kitandani siku ya arusi. Katika Unguja, Lamu na Mombasa wako wanawake wachumao matumba yake alasiri na kuyauza kabla hayajafunguka usiku. Mti huo ukiugua, si pambo tu linalopotea, bali na riziki pia.

Kosa kubwa ni kutibu kabla ya kutambua. Majani yakigeuka manjano, watu wengi hukimbilia ndoo ya maji. Lakini umanjano huo waweza kuwa na asili tatu, na dawa ya moja huweza kuwa madhara kwa nyingine. Basi na tuzitazame moja moja.

Asili ya kwanza ni wadudu. Geuza jani, utazame upande wa chini. Pengine utaona vidudu vya kijani au vyeusi vimesongamana kwenye machipukizi, au vyeupe mfano wa pamba katika vifundo vya matawi, au vijinzi vyeupe virukavyo mti ukitikiswa. Wote hao hufyonza utomvu wa mti, kisha hutoa majimaji matamu. Sisimizi huyafuata, na juu yake huota ukungu mweusi kama masizi. Ukifuta masizi ukaacha wadudu, masizi yatarudi. Kata ncha zilizodhurika sana. Kisha kwangua sabuni ya kufulia, kijiko kimoja cha mezani kwa lita 1 ya maji, uikoroge hata iyeyuke. Jaribu kwanza katika majani machache, ungoje siku 2. Yasipoungua, osha mti wote wakati wa jioni, hasa chini ya majani. Fanya hivyo mara 3, kila baada ya siku 7.

Asili ya pili ni udongo. Mahali pengi pwani udongo umelala juu ya mawe ya matumbawe, nao una chokaa nyingi, ambayo huzuia mizizi isipate madini ya chuma. Dalili yake ni hii: majani machanga huwa manjano, lakini mishipa yake hubaki kijani. Hapo maji hayafai kitu, na majivu ya jikoni huzidisha ugonjwa, kwa kuwa nayo yana chokaa. Changanya udongo na samadi na majani yaliyokwisha kuoza. Aliyepanda katika debe ana nafuu, maana aweza kubadili udongo wote.

Asili ya tatu ni kuoza mizizi, na hii huonekana sana wakati wa masika. Mti hunyauka mchana hali udongo u majimaji. Fukua kidogo: mizizi mizima ni migumu na myeupe ndani, iliyooza ni laini, ya rangi ya kahawia, na huambuka ngozi ukiivuta. Mwenye kuumwagia maji mti huu anauua. Acha kumwagilia, uchimbe mfereji maji yapate kutoka. Lakini ukiona shinani nyuzi nyeupe pamoja na punje za kahawia mfano wa haradali, ng'oa mti uuchome, uondoe udongo ulioushika, wala usipande mwasmini mwingine hapo.

Ama madoa ya kahawia yatokeayo majanini wakati wa mvua, mengi huletwa na ukungu. Chuma majani hayo uyachome, upunguze matawi upepo upite.

Nawaonya juu ya jambo moja. Maua haya hukaa nyweleni, shingoni na juu ya mito ya kulalia. Sumu kali za shambani zisinyunyizwe kabisa juu ya mti unaochumwa maua.

Kinga ni bora kuliko tiba. Pandikiza tawi la mti mzima usio na ugonjwa; panda juu ya tuta; mwagilia asubuhi, shinani, si majanini; pogoa maua yakiisha. Na kila juma geuza majani machache uyatazame. Atazamaye mapema hutibu kwa sabuni; achelewaye hutibu kwa shoka.