Ujumbe wa Kosa: Kutoka Kompaila hadi Kibajuni

Mwanaprogramu anapoandika maagizo, kazi yake husomwa na kompaila, yaani programu inayoyageuza maandishi hayo kuwa lugha ya mashine. Ikikuta kosa, hutoa ujumbe. Kwa miaka mingi ujumbe huo ulikuwa mkavu: "Kosa la sintaksia, mstari wa 12." Kosa gani? Lirekebishwe vipi? Mwanafunzi aliachwa abahatishe.

Mwaka 2015 watengenezaji wa lugha ya Elm waliuandika upya ujumbe wao, na mwaka 2016 wenzao wa Rust wakafuata. Ujumbe mzuri una mambo matatu: unaonyesha mahali penyewe, unaeleza kilichotarajiwa na kilichokutwa, kisha unapendekeza njia. Tena haumlaumu mtu, kwa kuwa kompaila haijui mwandishi alikusudia nini. Inajua kanuni ilizopewa tu.

Je, jambo hili linatuhusu vipi sisi walimu wa Kiswahili? Tuangalie Kibajuni, lahaja ya Kisimayu na visiwa vya Koyama, Chovai na Chula. Penye *t* katika maneno mengi ya Kiswahili Sanifu, Kibajuni kina *ch*: *mtu* ni *mchu*, *tatu* ni *chachu*. Usanifishaji ulijengwa juu ya Kiunguja, kufuatia mkutano wa Mombasa wa 1928. Kwa hiyo kisahihishi cha tahajia chenye msamiati sanifu peke yake kitalipigia *mchu* mstari mwekundu, bila maelezo. *Chachu* kitalipitisha kimya, kwa kudhani ni ile ya kuumulia unga! Neno lisilo na kosa linashtakiwa, na utata wa kweli hauonekani.

Ujumbe bora ungesema: "*Mchu* halimo katika msamiati sanifu. Ni umbo la Kibajuni. Katika Kiswahili Sanifu ni *mtu*. Unaandika kwa lahaja ipi?"

Kalamu nyekundu ya mwalimu nayo ni ujumbe wa kosa. Alama ya mkasi peke yake humfundisha mtoto wa Kibajuni kwamba lugha ya mamaye ni makosa. Maelezo mafupi pembeni humfundisha kanuni: *ch* ya nyumbani, *t* ya mtihani. Atakayeijua kanuni hiyo atajisahihisha mwenyewe katika maneno mengine, na lahaja yake ataondoka nayo salama.