Kukosa Makazi Kabambare

Mtu aliyekosa makazi huko Kabambare, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, haonekani kwa urahisi. Halali kwenye baraza za maduka kama ilivyo katika miji mikubwa. Analala chumba cha nyuma kwa shemeji yake, jikoni kwa rafiki wa zamani, au darasani hadi wanafunzi waingie asubuhi. Majirani humwita mgeni, na jina hilo huficha shida yake: mgeni ana kwao pa kurudi.

Chanzo kikubwa ni vita. Kabambare, kusini mwa jimbo la Maniema, inapakana na Fizi ya Kivu Kusini na jimbo la Tanganyika, na wapiganaji huvuka mipaka hiyo. Dhahabu ya Namoya, karibu na Salamabila, iliongeza moto. Kampuni ya Banro, wachimbaji wadogo na kundi la wapiganaji la Mai-Mai Malaika waligombania ardhi hiyo hiyo, hata mwaka 2019 kampuni ikasimamisha kazi. Familia nyingi zilikimbia na vilivyobebeka kichwani.

Anayekimbia huacha mihogo ardhini na mpunga haujavunwa. Kwa hiyo hupoteza paa na chakula kwa siku moja. Familia inayompokea hugawa sufuria yake, na ghala lililotosha mpaka mavuno huisha mapema. Ndipo wawili wanakuwa maskini badala ya mmoja. Wanawake hubeba mzigo mzito zaidi. Wakienda mbali kutafuta kuni na chakula hukutana na wenye silaha, na Madaktari Wasio na Mipaka, waliohudumu Salamabila, waliwatibu wengi waliobakwa. Mzee naye hupungukiwa heshima: aliyekuwa akiamua ugomvi wa ukoo hawezi kuamua neno katika uwanja wa mwingine.

Mkataba wa Kampala wa Umoja wa Afrika, uliopitishwa 2009 na kuanza kutumika 2012, huwalinda wanaohama ndani ya nchi yao, wakiwemo wanaoondolewa na miradi kama migodi. Lakini kurudi ni kugumu. Vijijini mpaka wa shamba hauko kwenye karatasi. Uko kwenye mti fulani, kijito fulani, na kumbukumbu za wazee walioshuhudia ukiwekwa. Wazee hao wakifa ugenini, mwenye shamba hurudi akakuta mwingine analima, naye hana tena wa kumtolea ushahidi.