Dola milioni 6 za Tengeru: hesabu ya kituo cha utafiti mtambuka

Mtu aliyekulia kwenye miteremko ya Mlima Meru mara nyingi hutambulika kwa meno yake ya kahawia, hata akihamia Dar es Salaam. Maji ya chemchemi na visima vingi vya huko hupita kwenye miamba ya volkano na kutoka na madini ya floraidi, ambayo ndiyo huyapa meno rangi hiyo. Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi miligramu 1.5 kwa lita, lakini ukanda wa Bonde la Ufa una vyanzo vinavyozidi kipimo hicho mara kadhaa. Yakizidi sana kwa miaka mingi, tatizo huingia mpaka kwenye mifupa.

Dawa yake moja inajulikana siku nyingi. Ukichoma mifupa ya ng'ombe kwa hewa kidogo, unapata mkaa unaonasa floraidi. Kituo cha Ngurdoto kimefanya kazi hiyo kwa miaka. Lakini fuata safari ya mkaa huo uone inahitaji watu wangapi. Mwanajiolojia aseme kisima kichimbwe wapi. Mkemia apime mkaa unachoka baada ya lita ngapi, maana ukishajaa hauchuji tena na mnywaji hawezi kuonja tofauti. Daktari wa meno afuatilie watoto. Mchumi akadirie kama mama wa kijijini atamudu kuubadilisha. Na lazima awepo anayejua kuzungumza na watu kuhusu mifupa imetoka kwa mnyama gani, kwa sababu Mwislamu akishuku ni ya nguruwe, chujio litakaa kona likishika vumbi.

Hao wote hawapatikani katika idara moja, na ndiyo maana vituo vya utafiti mtambuka vinaanzishwa. Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, iliyoko Tengeru, Arusha, ina viwili vilivyoanzishwa chini ya mpango wa Vituo vya Umahiri: WISE-Futures, kinachoshughulikia maji, miundombinu na nishati, na CREATES, cha kilimo, chakula na lishe. Taasisi hiyo, iliyozinduliwa rasmi mwaka 2012, ilijengwa kwa ajili ya shahada za uzamili na uzamivu.

Sasa fedha. Mwaka 2016 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 148 kwa ajili ya mpango huo. Milioni 140 zilikwenda kwa serikali za nchi 8, na milioni 8 zikapewa Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, lenye makao Kampala, ili liratibu. Vituo vilikuwa 24: Tanzania, Uganda, Rwanda na Ethiopia vinne kila moja, Kenya vitatu, Malawi na Zambia viwiliviwili, Msumbiji kimoja. Viwili vya Tanzania ambavyo haviko Tengeru viko Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro.

Kila kituo kiliweza kupata hadi dola milioni 6. Kwa kiwango cha wakati ule hizo ni kama shilingi bilioni 13, na anayezisikia hudhani kituo kimetajirika. Lakini ni za miaka mitano, yaani dola milioni 1.2 kwa mwaka, au dola 3,288 kwa siku. Humo vitoke vifaa vya maabara, kemikali, ufadhili wa wanafunzi wa uzamivu, safari za uwandani, ukarabati na ukaguzi wa hesabu.

Mambo mawili kuhusu fedha hizi hayasemwi vya kutosha. La kwanza, sehemu iliyopewa serikali ni mkopo. Una masharti nafuu na unalipwa kwa miongo kadhaa, lakini ni deni, na mtoto anayekunywa maji ya Meru leo atakuwa mlipakodi wakati linalipwa. La pili, fedha zilitolewa kwa matokeo. Kituo kilionyesha wanafunzi waliosajiliwa, wakiwemo wa nchi jirani, makala zilizochapishwa, programu zilizopata ithibati, mapato kiliyojitafutia, kisha wakaguzi wakahakiki, ndipo malipo yakaja. Naukubali utaratibu huo kwa sababu unazuia fedha kuyeyukia kwenye semina. Shida yake ni kwamba makala huhesabika upesi kuliko chujio. Mkemia anaweza kuchapisha matokeo ya maabara ndani ya mwaka mmoja. Kujua kama kijiji bado kinabadilisha mkaa wake baada ya miaka saba ni kazi ndefu kuliko uhai wa mradi wenyewe, na hiyo ndiyo kazi tuliyoikusudia.

Tulinganishe na Ujerumani. Shirika la Fraunhofer, lililoanzishwa Munich mwaka 1949, lilikuwa na taasisi 76 za teknolojia tumizi mwaka 2023, na wakurugenzi wake wengi ni maprofesa wa vyuo vikuu jirani. Mwaka huo bajeti yake ilikuwa karibu yuro bilioni 3.4. Ukigawanya, kila taasisi inapata wastani wa karibu yuro milioni 45 kwa mwaka, kama mara 40 ya kituo chetu.

Pengo hilo la mara 40 silioni kuwa ndilo jambo kubwa. Hatutaliziba kesho, na hatuhitaji kuliziba ili tuchuje maji. Kinachonivutia ni mgawanyo. Takriban theluthi ya fedha za utafiti za Fraunhofer hutoka serikalini kila mwaka kama fedha za msingi, na zilizobaki taasisi huzitafuta kwa mikataba ya viwanda na miradi ya ushindani. Theluthi hiyo ndiyo inayomlipa fundi anayeijua mashine, na anayetunza takwimu za miaka kumi. Mradi ukiisha, wao wanabaki. Kwetu mradi ukiisha, fundi anatafuta kazi kwingine na mashine inafunikwa shuka.

Vipaji vipo. Mwaka 2015, kabla ya vituo hivi, Dkt. Askwar Hilonga, mhadhiri wa taasisi hiyo ya Tengeru, alishinda Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi ya Uingereza kwa chujio linalounganisha mchanga na nanoteknolojia. Zawadi ilikuwa pauni 25,000, kama dola 38,000 wakati ule, ambazo ni matumizi ya kituo kimoja kwa siku 12.

Mwaka 2007, Addis Ababa, wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walihimiza kila nchi itenge angalau asilimia 1 ya pato lake kwa utafiti. Pato la Tanzania mwaka 2023 lilikaribia dola bilioni 80, kwa hiyo asilimia hiyo ni dola milioni 800. Vituo vyote vinne, kwa dola milioni 1.2 kila kimoja, ni milioni 4.8: chini ya asilimia 1 ya hiyo asilimia 1.

Tuchukue basi theluthi tu, kwa mfano wa Ujerumani. Theluthi ya milioni 1.2 ni dola 400,000. Kwa vituo vinne ni dola milioni 1.6 kwa mwaka, kama shilingi bilioni 4, zikiandikwa kwenye bajeti ya serikali kila Juni bila kusubiri mkopo. Zinatosha kumbakiza fundi kwenye mashine yake, na kumrudisha mtafiti kijijini mwaka wa saba kupima maji ya chujio lilelile.