Maneno ya Penseli Nyuma ya Kitabu

Kitabu nilikinunua kwa haraka, asubuhi moja katika Ngamiani, Tanga, zikiwa zimebaki dakika chache nipande daladala kwenda stendi ya Kange; na kwa kuwa safari ya Dar es Salaam ni ndefu, na simu yangu ilikuwa imezimika, nilitwaa cha kwanza nilichokitambua juu ya meza ile ya kando ya njia: Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, toleo kuukuu, jalada limeungwa kwa gundi, bei shilingi 3,000. Muuzaji, mwanamke wa makamo yaliyopita, mwenye miwani iliyofungwa uzi shingoni, alinirudishia chenji na kunitakia safari njema, wala hakuzidisha neno. Tukapita Muheza, tukapita Segera, na muda wote huo Bwana Msa alikuwa akivuta kiko chake na kuuliza maswali yaliyoonekana ya upuuzi, ambayo baadaye ndiyo yaliyokuwa na uzito kuliko yote. Na tulipoikaribia Chalinze, aliyemwua Bwana Ali alikuwa amekwisha julikana. Nikamaliza ukurasa wa mwisho, na kama mgeni asitaye kuondoka katika nyumba alimokirimiwa, nikafunua jalada la nyuma nitazame ndani yake.

Palikuwa na maandishi ya penseli, hafifu, ya mkono uliotulia: “Umemjua aliyeua mtu mmoja, na umeona jinsi akili inavyofuata nyayo. Watu wakiazimu kumwondoa mtoto kwa sababu ya meno yake, nyayo za nani zitafuatwa? Mtafute Mbegha katika Habari za Wakilindi.”

Nimeandika orodha nyingi za vitabu vya kusomwa, na nimesoma nyingi zaidi za wenzangu, na aghalabu tunavipanga kama bidhaa katika rafu za duka: riwaya na riwaya, tarihi na tarihi, mashairi pekee yao pembeni kama wagonjwa wa kuambukiza. Lakini sijapata kuona mtu akimtoa msomaji katika hadithi ya upelelezi iliyochapishwa mwaka 1960, akamwingiza katika tarihi ya watawala wa Usambara iliyoandikwa na Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy zaidi ya nusu karne kabla yake, kwa daraja la swali moja tu. Swali lile lilinikaa moyoni majuma matatu, na juma la nne nikarejea Tanga.

“Shikamoo, Mwalimu,” nilisema, maana nilisikia wateja wote wakimwita hivyo.

“Marahaba, mwanangu. Umerudi na kitabu, au umerudi na swali?”

Nilimweleza kazi yangu, akakubali niandike kila nitakachokiona mezani pake ila jina lake. “Jina langu halimo katika vitabu hivi,” alisema, “basi kwa nini liwemo katika gazeti?” Kisha akanisogezea kigoda, na kwa siku mbili nilikaa hapo, kivuli cha mwarobaini kikituhama na sisi tukikifuata.

Penseli ile, ambayo ndiyo iliyonileta, ni fupi kuliko kidole cha shahada, na imefungwa kwa uzi wa kushonea magunia katika mguu wa meza ili isichukuliwe kwa bahati mbaya. Huichonga kwa wembe, taratibu, akikinga vumbi la risasi katika kiganja na kulipuliza mbali na vitabu. Kitabu kikifika mezani, ama kwa kununuliwa kwa mjane aliyeachiwa kasha na marehemu, ama kwa kuletwa na kijana anayehama chumba, hakiuzwi mpaka yeye mwenyewe amekisoma, au amekisoma tena. Na akikimaliza, usiku, watu wa nyumbani wakiwa wamelala, hukaa nacho kimefungwa mapajani, wakati mwingine saa nzima, kabla hajaandika. Herufi zake ni zile za ubao wa darasa la kwanza, tumbo la a likiwa mviringo kamili na shina la k limesimama wima kama mlingoti, lakini mkono hauukandamizi uso wa karatasi hata chembe. Ukipitisha kidole huhisi kitu. “Mwenye kununua ana haki ya kufuta,” alinieleza. “Mimi nabisha hodi tu.”

Mistari haizidi mitatu, na haitajwi ila kazi moja ya kwenda kusomwa. Nilimwuliza kwa nini asitaje tano au kumi, kama tufanyavyo magazetini, akanitazama juu ya miwani. “Ukimpa mtu vitabu kumi, umemrudishia kazi ya kuchagua, na kazi hiyo ndiyo iliyomleta kwako.” Wala kitabu hakisifu. Katika vitabu vyote nilivyofunua sikuona neno zuri, wala kitamu, wala lazima, niliona maswali.

Basi niliufuata mnyororo ule mmoja hatua kwa hatua. Habari za Wakilindi alikuwa nacho katika toleo la mwaka 1962, na humo msomaji anamkuta Mbegha, kigego ambaye meno yake ya juu yalitangulia kuota, aliyekataliwa na jamaa zake, akawa mwindaji wa nguruwe, akaingia milima ya Usambara akigawa nyama kwa watu hata watu wakamfanya mfalme wao Vugha. Ndani ya jalada: “Huyu alikataliwa na ndugu zake mwenyewe. Nenda Ukerewe ukawaone mume na mke ambao wangempokea mtoto mwenye meno ya namna yoyote.” Hapo alikusudia Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka cha Aniceti Kitereza, na alipokishika kitabu hicho kinene sauti yake ilishuka, kama ya mtu atajaye jina la marehemu.

“Mzee huyu alikimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945,” alisema. “Kwa Kiswahili kilichapishwa 1980, na mwaka uliofuata akafariki. Miaka thelathini na mitano kitabu kimekaa kinamngoja msomaji, halafu mtu ananiambia ni kirefu, hana wakati! Humu utajifunza jinsi mume anavyokwenda ukweni kuomba radhi, na pombe ya ndizi anayotozwa, na dawa inavyochimbwa, na samaki anavyovuliwa. Hakuna jambo alilolidharau. Mimi nilikuwa nasoma jioni, nikiinuka kupika nikajikuta naangalia chungu changu kama sijapata kukiona.”

Na nyuma ya kitabu hicho ameandika: “Umekaa nyumbani hata umejua harufu ya kila chungu. Sasa toka nje, upate baridi. Mfuate Selim bin Abakari.” Safari hiyo hana ila nakala kivuli, kurasa zilizoshonwa kwa mkono, naye haiuzi bali huiazima. Selim alikuwa Mngazija, na mwaka 1896 aliandamana na bwana wake wa Kijerumani hata Urusi na Siberia. Habari zake zikapigwa chapa mwaka 1901 katika Safari za Wasuaheli, mkusanyo wa Carl Velten. “Vitabu vingi vya safari,” alisema Mwalimu, “sisi ndio tunaotazamwa. Mgeni anakuja, anatuandika nywele na ngoma, anarudi kwao. Hapa mwenzetu ndiye anayetazama, na wao ndio nchi ya ajabu. Nampa kila kijana aniambiaye anataka kwenda Ulaya. Simkatazi. Namwambia, jifunze kwanza kutazama.”

Asili ya mazoea haya aliieleza kwa maneno machache. Alikuwa msichana aliyetoka chuo cha ualimu katika miaka ile ya elimu ya watu wazima, akipewa darasa la kisomo chini ya mwembe, na miongoni mwa wanafunzi wake alikuwamo mama mmoja mkata mkonge, ambaye siku ya kufuzu, baada ya kusoma kwa sauti ukurasa mzima bila kukwama, alikifunga kitabu akauliza: Sasa nisome nini? “Sikuwa na jibu. Nilimpa kitabu cha kilimo. Akanishukuru kwa adabu, na sikumwona tena darasani. Nimestaafu, nimezika mume, nimesomesha watoto, na swali la yule mama sijalijibu.”

Ndiyo maana mteja akija hamwulizi apenda vitabu vya aina gani. Humwuliza: juma hili umekuwa ukiwaza nini? Nilikuwapo alipofika kijana wa bodaboda, hakushuka hata katika pikipiki, akaomba kitabu cha kutajirika. Mwalimu hakumcheka. Aliinama chini ya meza akatoa Maisha ya Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, habari alizozisimulia mwenyewe na Heinrich Brode akazipiga chapa Ujerumani mwanzoni mwa karne iliyopita, akamfunulia jalada la nyuma. Kijana akasoma akitikisa midomo: “Hesabu pembe. Kisha hesabu watu.” Akanyamaza kidogo, akalipa, akakitia ndani ya koti na kuondoka. Kama atarudi, sijui. Mwalimu asema wapo wanaorudi baada ya juma, na wapo waliorudi baada ya miaka saba.

Binti aliyekuwa karibu kuolewa, aliyetaka nasaha za ndoa, alikuwa amepewa Utendi wa Mwana Kupona, wasia wa mwaka 1858 wa mama kwa mwanawe, na nyuma yake ameelekezwa Wasifu wa Siti binti Saad wa Shaaban Robert kwa maneno haya: “Mama amekwisha usia. Sasa msikilize mwuza vyungu wa Fumba, ambaye sauti yake ilirekodiwa Bombay mwaka 1928.” Nilimwuliza yupi kati ya wanawake wawili hao angependa binti amfuate. “Nikilijua hilo,” alijibu, “ningemwandikia barua, nisingemwuzia vitabu.”

Lakini kitabu nisichoweza kukisahau hakiuzwi. Ni Kusadikika cha mwaka 1951, ambamo Karama anashitakiwa kwa kutaka watu wafundishwe sheria, akajitetea barazani kwa kusimulia habari za wajumbe sita hata akaachiwa huru. Penseli ya Mwalimu imeandika: “Karama ameokolewa na ulimi wake. Asiyejaliwa ulimi wa namna hiyo ataokolewa na nini? Soma Kuli.” Riwaya hiyo ya Shafi Adam Shafi, ya mwaka 1979, ni ya wachukuzi wa bandari ya Unguja na mgomo wao wa 1948. Na chini ya penseli, kwa wino wa buluu, kwa mkono mwingine wenye haraka, imeandikwa: “Nimesoma vyote viwili. Sikubali.”

Kitabu kililetwa na mtoto, pamoja na vingine, ndani ya mfuko wa rambo. Mtoto hakumjua mwenyewe. Tangu siku hiyo Mwalimu amekiweka ukingoni mwa meza, upande wa njia, jalada la nyuma likiwa juu. Hakukubali nini? Kwamba Karama aliokolewa na ulimi? Kwamba makuli walikuwa na kitu badala yake? Kwamba yuko awezaye kuokolewa? “Nimewapata wengi walionishukuru,” alisema, akilifuta jalada kwa upindo wa kanga. “Huyu ni wa kwanza kunijibu. Nataka aje tuketi.”

Siku ya pili, jua likianza kuelekea magharibi, alikuja mwanafunzi wa kike, sare bado mwilini, akataka kujua kwa nini bamvua huja mwezi ukiwa mpevu na huja tena mwezi ukiwa mwandamo, ilhali katikati maji huwa madogo. Mwalimu alimpangia mezani chungwa, ndimu na kokwa la ubuyu, akamwonyesha jinsi jua na mwezi vinavyoivuta bahari kwa mstari mmoja siku hizo, na jinsi vinavyovuta kila kimoja upande wake siku nyingine. Mtoto alielewa, na kwa kuwa alielewa akataka zaidi: akaomba kitabu. Mwalimu akatazama meza yake kutoka mwanzo hata mwisho, tarihi, tenzi, tamthilia, Nyerere na Juliasi Kaizari yake, asiguse hata kimoja.

“Vya darasani vipo,” aliniambia mtoto alipokwisha kwenda. “Vina mazoezi mwisho wa kila sura. Hivyo humwuliza yeye maswali, na yeye ndiye aliyekuja na swali. Nataka kilichoandikwa na mtu aliyeipenda bahari, kwa lugha hii, kwa msomaji asiye na mtihani. Natafuta. Hapa mezani hakijafika.”

Ndipo akatoa chini ya mto wa kiti chake daftari la shule la kurasa themanini, akanipa nilisome mwenyewe. Kila ukurasa una swali moja, kwa penseli ileile, na chini yake mstari umepigwa kwa rula, mahali pa jina la kitabu. La kwanza, wino wa tarehe yake umefifia, ni la mkata mkonge: Sasa nisome nini? La mvuvi: Kwa nini samaki fulani waliokuwa wengi utotoni mwangu siwaoni? La mzee asiyetajwa kazi: Mama yangu anakumbuka nyimbo zote za ngoma za ujana wake, mbona mimi hanikumbuki? Aliniomba daftari, akafunua ukurasa mpya, akaandika swali la bamvua pole pole, akapiga mstari chini yake kwa ukingo wa kitabu. Mstari wenyewe akauacha mtupu, akafungua wembe, akaanza kuchonga penseli.