Aliyeumia Ubongo Asiachwe Peke Yake



Leo namkumbuka mwenzangu niliyesoma naye chuo cha uganga. Kabla ya kuja chuoni alianguka kutoka juu ya mwembe, akaumia kichwa. Kidonda cha nje kilipona, lakini ubongo ulikuwa umeumia upande wa kushoto. Upande huo ndio unaoongoza mkono na mguu wa kulia. Ndiyo sababu alichechemea, na kalamu aliishika kwa mkono wa kushoto. Alisahau upesi, kwa hiyo kila jambo aliliandika katika daftari. Sisi tulimcheka, tukamwita mvivu. Hata hivyo alifaulu mtihani.

Baadaye alipatwa na kifafa. Kovu lililo ndani ya ubongo laweza kuleta kifafa miezi au hata miaka mingi baada ya ajali. Si pepo, wala si kulogwa. Alipewa vidonge, akapata nafuu. Miezi ikapita bila kuanguka. Majirani wakamwambia kwamba amepona, aviache. Nilipomtembelea niliona chupa ya vidonge imejaa. Sikuuliza. Baada ya siku chache alikwenda kuoga mtoni peke yake. Kifafa kikamshika majini, akafa.

Ndugu wananchi, yatupasa kukumbuka mambo haya:

1. Mtu akiumia kichwa, kisha akazimia, akatapika mara kwa mara, akasinzia kupita kawaida au akatokwa na damu masikioni, apelekwe hospitali upesi.

2. Mtu akishikwa na kifafa, ondoeni vitu vya hatari karibu naye. Mlazeni kwa ubavu. Msimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni. Msiogope mate yake, kifafa hakiambukizi. Kikizidi dakika 5, apelekwe hospitali.

3. Vidonge vinywewe kila siku, hata kama mgonjwa anajiona mzima. Mwenye amri ya kuviacha ni mganga, si jirani.

4. Mgonjwa asioge mtoni, asivue samaki, asipande mti wala asipike kwenye moto wa wazi akiwa peke yake.

Aliyeumia ubongo husahau, huchoka na hukasirika upesi. Hayo si mapenzi yake. Kumbukumbu yake ni sisi. Ukipita nyumbani kwake, mwulize: "Ndugu, leo umekunywa dawa?" Swali hilo ni dogo, nami sikuliuliza.